Asante Uliyompa Arbab

Mdogo wangu Muriuki,

Nilianza barua hii kwa neno "mpendwa", kisha nikalifuta. Si kwamba sikupendi, damu haifutiki hivyo. Lakini neno hilo likinijia mdomoni siku hizi naona kinyaa, na mimi sijazoea kuandika nisichokisikia. Naandika hadharani kwa sababu wiki ya tatu sasa hupokei simu zangu, na wimbo wako nao uko hadharani.

Unakumbuka Jumapili za Ol Kalou? Baba anawasha redio, muziki wa kantri unalia, sisi tunamenya viazi na kuimba Kiingereza tusichokielewa. Wewe ukachukua sauti ya kwanza, mimi nikachukua ya pili, ingawa nimekuzidi miaka saba na nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Sikulalamika. Nilipenda kukusikia ukiwa mbele.

Ukanifuata Dubai kulinda mlango wa jengo, mimi nikiwa tayari nabeba sahani hotelini mtaa wa Al Rigga. Kofia zetu za wachunga ng'ombe tulizinunua soko la Naif, zimesukwa kwa karatasi, zinachuja rangi ukitoka jasho. Siku ya kwanza kuimba kwenye ule mgahawa wa Wakenya tulimaliza tukiwa na mistari ya kahawia kwenye paji la uso. Watu walicheka hadi wakatupa jina, Kofia Mbili. Walikuwa walinzi, wasafishaji, wapishi, wengine wametoka zamu ya usiku moja kwa moja, sare wamezikunja kwenye mifuko ya plastiki. Hao ndio waliotufanya tuitwe wanamuziki. Kabla yao tulikuwa watu wawili wenye gita moja la baba.

Na wa kwanza kufika kila Jumapili alikuwa Mwende. Wewe unamjua, lakini nataka na wanaosoma hapa wamjue. Mwende wa Kitui, anayelala kitanda cha juu yangu chumbani kwetu, mtaa wa Karama. Tulipofanya mazoezi kwa simu, wewe kwenu na mimi kwetu, alikuwa akiinamisha kichwa kutoka juu na kutukosoa. "Hapo mmekimbia. Rudieni." Nasi tulirudia. Siku moja alikuja mgahawani macho mekundu, ukamuuliza kwa nini hakwenda kulala. Akasema, "Nimekuja bila kulala, na nyinyi mtaimba bila kuchoka." Uliandika maneno hayo kwenye simu yako papo hapo. Ndiyo yakawa kiitikio cha wimbo wetu wa kuwashukuru mashabiki: Asanteni mliokuja bila kulala, nasi tutaimba bila kuchoka. Maneno ni ya Mwende. Sisi tuliyatia sauti tu.

Unajua pia nani alimleta Mwende huku. Jina lake silitaji, nchi ya watu ina sheria zake. Sote tulimwita Arbab, yaani bosi kwa Kiarabu cha huku, ingawa ni Mkenya kama sisi na anajua ugali unaliwaje. Alimwahidi Mwende kazi ya hoteli, akamshusha kwenye nyumba ya watu, akafua na kulea humo ndani miaka miwili kabla ya kuja kwetu Karama, pasipoti yake ikiwa kwenye droo ya Arbab. Mama yake alipofariki, Mwende alimpigia akimlilia arudishiwe pasipoti akazike. Arbab akamjibu, "Maiti hazikwi mara mbili. Yalla, rudi kazini."

Alitusimulia mimi na wewe, pilau imepoa mezani na hakuna aliyeigusa. Wewe ulisonya. Ulisema, "Huyo mtu ni takataka." Nilijivunia wewe siku ile, Muriuki. Nilisema moyoni, mama yetu hakuzaa bure.

Halafu ikaja siku ya kurekodi, chumbani kwenu, Agosti. Tulitundika mablanketi dirishani na kuzima AC ili isisikike, tukaloa kama tumemwagiwa ndoo. Kama kawaida yetu, mimi niliimba kiitikio kwanza kwa sababu zamu yangu ilikuwa inaanza. Nilikiimba mara nne, nikafuta jasho, nikakimbilia metro. "Beti nitamalizia mwenyewe," ulisema. Sikuuliza ni beti gani. Mkataba wako ukaisha, ukarudi nyumbani na sauti yangu ndani ya kompyuta.

Mwezi uliopita wimbo ukatoka. Nilikuwa na siku ya mapumziko, Mwende anasukuma chapati, nikaufungulia kwenye kispika. Kiitikio kilipoanza alicheza na mti wa kusukumia mkononi. "Hayo ni maneno yangu!" akasema, anacheka kama msichana. Ukaja ubeti wa pili. Asante Baba wa Wageni, uliyetufungulia mlango. Nikatazama video. Arbab amekaa kwenye kiti cha ngozi, umemvalisha kofia kama zetu, nawe umepiga goti mbele yake na gita la baba yetu. Ubeti ukaisha, na sauti yangu ikaingia kumwambia asante.

Nilikimbilia bafuni nikatapika. Sitii chumvi. Nilitapika chai ya asubuhi.

Niliporudi Mwende alikuwa amesimama palepale, unga mpaka viwikoni. Hakulia. Aliniuliza, "Ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua."

Akafikiri kidogo. "Lakini unamshukuru vizuri," akasema, akageuza chapati.

Nilikupigia, ukanitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi nikitafuta mahali ulipoona aibu. Sijapapata. "Sista, relax. Jamaa amelipia video, amenipangia shoo. Mashabiki hawasikii maneno, wanasikia utamu. Lazima mtu aomoke." Baada ya hapo ukanyamaza.

Uomoke, utajirike, sawa. Nani alikukataza? Ungemwimbia wimbo wake peke yake, umtaje mara mia, umlambe na viatu, ningesema mdogo wangu ana tamaa, nikaendelea na shughuli zangu. Lakini umechukua shukrani ya watu waliokuja kwetu hawajapata usingizi ukampa mtu aliyewanyima huo usingizi. Asante ya punda ni mateke, na teke lenyewe umelipiga kwa mguu wangu.

Nami sijitoi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilikuona zamani pale Al Rigga ukikimbia kumfungulia Arbab mlango wa gari, hukuwa kazini wala hukuitwa. Nikajiambia ni mazoea ya ulinzi. Ningekukaripia siku ile. Nilikuonea haya mbele za watu, nikanyamaza.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili iliyopita, maana hicho ndicho kilichonikalisha chini niandike.

Nilimbembeleza Mwende aje mgahawani. Nilimwambia nitaimba nyimbo zetu za zamani, huo mwingine sitaugusa. Akaja, akakaa kule nyuma karibu na mlango. Sikujua kama Arbab yuko mjini. Aliingia katikati na watu wake, akapewa meza ya mbele. Mwenye mgahawa alipomwona tu, akauweka wimbo wako kwenye mashine bila kuniuliza, akanipa maikrofoni. Watu wakashangilia.

Ubeti wa pili ulipopita nilifunga mdomo. Niliubana hasa, meno kwa meno. Kwa hasira nilisahau kwamba mashine inacheza wimbo mzima, nikadhani kutakuwa na kimya, na kimya kile kitasema. Lakini sauti yangu ilitoka kwenye spika, Muriuki. Ile ya Agosti, safi, tamu, bila hata pumzi kukatika. Mimi nimesimama mdomo umefungwa, na huku namshukuru. Ukumbi mzima ukaniitikia, watu wetu wale wale, wameshikana mikono, wengine machozi yanawatoka kwa sababu wanadhani wanaimbiwa wao. Arbab akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama kama bwana harusi. Sijawahi kuona kitu cha kuchukiza kama hicho, na nimefanya kazi ya kuosha vyoo.

Mwende akachukua mkoba wake, akatoka. Niliweka maikrofoni juu ya meza ya watu nikamfuata mbio. Nilimkuta kando ya barabara, anavaa viatu vyake vya kazini, kwa sababu zamu yake ilikuwa inakaribia.

"Nimeacha kuimba," nikamwambia. "Umeniona? Sikufungua mdomo."

Alimaliza kufunga kamba za kiatu kwanza. Nyuma yetu mlango wa mgahawa ulikuwa ukifunguka na kufunga, na kila ukifunguka kiitikio kinamwagika nje.

"Kama umeacha," akaniuliza, "mbona bado nakusikia?"

Alikwenda zake kazini, na tangu siku ile ananisalimu vizuri tu, kama mtu anavyomsalimu jirani.

Jibu la swali lake unalo wewe. Fungua hiyo kompyuta uitoe sauti yangu, yote, mpaka kikohozi. Mshukuru Arbab wako kwa koo lako mwenyewe. Ukishaitoa nijulishe, nipande kitanda cha juu nikamwambie Mwende. Kabla ya hapo usinipigie.

Baki salama, na uwasalimie nyumbani.

Ni mimi dada yako. Kwa wimbo, khalas, tumemalizana.