Baba, Besi Sitaitubia

Baba yangu,

Shikamoo. Miaka saba ya mwisho ya maisha yako uliitikia salamu yangu ukiwa umegeukia dirishani, kwa hiyo leo, ukiwa umelala chini ya msalaba wa saruji, nisiposikia marahaba sitashangaa. Nimekuamkia kwa sababu ndivyo mlivyonilea wewe na Mama. Mengine nitakayosema humu hamkunilea kuyasema.

Keshokutwa, Jumapili, nitasimama mbele ya usharika wetu hapa Mwanza. Mchungaji amekubali kunirudisha kundini kwa sharti moja: nikiri mbele ya watu wote kwamba nimetenda dhambi kwa kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, na niseme nimeacha. Mama anataka sana nirudi. Tangu ulipofariki anakwenda kupokea Chakula cha Bwana peke yake, na ule mguu wake mbovu, akishika migongo ya mabenchi moja baada ya jingine mpaka afike mbele. Mimi niliyetengwa nakaa nyuma namtazama. Kwa ajili yake nimesema nitasimama. Lakini nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua, kwa kuwa wewe ndiwe uliyelipeleka jina langu kwenye baraza la wazee: gitaa sitalitubia.

Tena usijifanye hujui besi niliitoa wapi. Niliitoa kwako.

Ulikuwa ukiimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, kwenye kwaya, na ulikuwa ukijifunza sehemu yako asubuhi unaponyoa ndevu uani, kabla hujaenda bandarini. Kioo umekitundika kwenye msumari, povu shavuni, na zile noti nne nzito zinapanda na kushuka polepole. Wenye sauti ya kwanza walikuwa majumbani kwao huko, sijawahi kuwasikia wakijifunza. Mimi nilikuwa nakaa kwenye jiwe pale mlangoni na kikombe changu cha uji nikidhani huo uimbaji wako ndio wimbo wenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Siku nilipokua kiasi cha kukaa kanisani bila kusinzia, nikawasikia akina mama wa sauti ya kwanza, nikakuvuta koti baada ya ibada nikakuambia, "Baba, wale wanakosea wimbo."

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukainama ukaniambia kitu ambacho huenda wewe ulikisahau jioni ile ile: "Hawakosei, Koku. Wale wamebeba maua. Sisi tumebeba meza."

Ulisema "sisi". Nilikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo nilijihesabu kwenye upande wa wenye meza. Kama ulikuwa unatania, ungesema mapema.

Nikupe haki yako pia. Sijaona mtu mwaminifu kama wewe. Ukarani wa bandarini uliwanenepesha wengi miaka ile, lakini kwetu hakikuingia hata kipande cha kamba kutoka melini. Nakumbuka Jumamosi moja ulirudi kazini, ukavua kofia, Mama akaona penseli ya ofisi umeisahau sikioni. Ulivaa kofia tena ukateremka kilima chote kwa miguu, jua la saa nane, kwenda kuirudisha. "Mali ya umma hailali nyumbani kwa mtu," ukasema. Sisi watoto tulikucheka kwa siri, lakini mitaani tulitembea vifua mbele kwa sababu yako.

Ndipo nikaajiriwa kule kiwanda cha nguo, nikiwa karani wa stoo ya nyuzi, na kiwanda kilikuwa na bendi yake, kama mashirika yote yaliyojiheshimu wakati ule. Wewe uliniambia nipite mbali na chumba cha mazoezi. Nilipita mbali siku mbili. Siku ya tatu nilisimama dirishani, nikamwona Masalu.

Hukuwahi kukutana na Masalu, na ni hasara yako. Alikuwa Msukuma wa Magu, mtu mkubwa, mpole, mikono imekakamaa kwa jembe. Besi alifundishwa na redio: alisikiliza bendi za Kikongo kwa sikio moja lililobanwa kwenye spika, akayaacha magitaa mengine yote yapite, akachukua ile sauti ya chini tu. Hakupiga noti nyingi. Alipiga moja, akaisubiri, akapiga nyingine, na wapiga solo wakaonekana hodari kwa sababu yake. Nikamwambia nyumbani kwetu kuna mzee anayeimba hivyo hivyo akinyoa ndevu. Akanipa gitaa nishike.

"Binti, vidole vyako vina haraka," aliniambia. "Besi watu hawaisikii. Wanaijua ikikosekana."

Nilijifunza kwake mwaka mzima, baada ya saa za kazi, bila wewe kujua. Kisha bendi moja ya Dar ikamwita, akaenda, na gitaa likabaki limeegeshwa ukutani, maana ulijua desturi: mwanamuziki akihama, chombo kinabaki, ni cha kiwanda. Lilikuwa limeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe, MALI YA KIWANDA, herufi kubwa kama za kwenye magunia ya pamba. Bendi ilitakiwa Nansio baada ya wiki mbili kwenye sherehe ya wakulima, na haikuwa na besi. Nikamfuata kiongozi wa bendi.

Akaniambia, "Mwanamke anaimba, au anatikisa manyanga. Besi ni kazi ya mgongo."

Nikamuuliza kwao mashuka ya nyumba nzima anafua nani. Alicheka, akanipa siku kumi na nne. Akanisainia kibali cha kwenda na gitaa nyumbani kufanya mazoezi, kikagongwa muhuri, nikakiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa.

Nyuzi za gitaa zilikuwa zimekufa, zimejaa jasho la Masalu, na nyuzi mpya hazikupatikana hapa wala Dar. Hata sabuni tulikuwa tunapangia foleni. Dawa yake wapigaji wote wa wakati ule waliijua: unazichemsha. Mama alipokuwa sokoni nilizikunja nikazitia kwenye sufuria lake la ndizi, lile kubwa alilokuja nalo kutoka Bukoba akiwa bibi arusi, nikaongeza magadi ya kutosha ili mafuta yatoke. Nyuzi zilifufuka. Sufuria likageuka jeusi ndani na halikurudi tena. Jioni ulitafuna ndizi taratibu, ukatazama sahani, ukamuuliza Mama, "Ndizi hizi za wapi?"

"Za Bukoba," Mama akasema.

"Bukoba imebadilika," ukasema, ukamaliza sahani yako yote.

Nakupenda kwa hilo, Baba. Ningependa habari yetu iishie pale.

Lakini Ijumaa ile, siku moja kabla ya safari, nilirudi kazini nikakuta pembe ya chumba changu tupu. Ulikuwa umekaa uani unasoma gazeti. Uliniambia bila kulishusha gazeti, "Nimelirudisha kiwandani. Mali ya umma hailali nyumbani kwa mtu." Ulikuwa umelifunga kwenye baiskeli yako ukaenda nalo mpaka getini, ukawaambia binti yako amekosea, wamsamehe. Wakalifungia stoo kuu. Mtunza stoo akaondoka na ufunguo kwenda msibani Magu.

Nililia usiku huo kwa hasira. Hata hivyo kulipokucha nilikuwa wa kwanza gatini kusubiri meli.

Melini kiongozi wa bendi alisikiliza habari yangu, akanikabidhi manyanga. Niliyashika mpaka tulipopita visiwa vya kwanza. Kisha nikaenda kwenye rundo la vyombo nikachukua gitaa la ridhimu la akiba, lenye ufa tumboni. Nikang'oa nyuzi mbili nyembamba. Zile nne nene zilizobaki nikazilegeza, nikalegeza, mpaka zikawa zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, na sauti ikashuka ikashuka. Zilikuwa zinagonga shingo ya gitaa ukizivuta kwa nguvu, kwa hiyo ilibidi nizishike kwa upole sana. Vijana wa bendi walikuwa wananicheka. Nikawaambia wacheke vizuri, safari ni ndefu.

Nansio tulipiga dansi la mchana katika ukumbi wa ushirika, jenereta linaunguruma nje. Mpiga solo alinihurumia, akanizungushia vitufe vya amplifaya mpaka ukali wote ukaondoka kwenye sauti. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na tumba. Masalu alikuwa mbali. Nikakuwaza wewe mbele ya kile kioo, povu shavuni. Nikapiga zile noti zako nne. Nikasubiri. Nikapiga tena. Kufika wimbo wa pili Wakerewe walikuwa wamejaa ukumbini, wake kwa waume, vumbi la sakafu limefika magotini, na kiongozi wa bendi akageuka akanitazama kwa wimbo mzima. Manyanga hakunipa tena.

Jumapili iliyofuata ulisimama kwenye baraza la wazee ukasema, "Ninaleta jina la binti yangu wa kuzaa." Wengine walitaka nionywe kwanza. Wewe ukasema hapana. Nikahamia chumba cha kupanga kule Mabatini, nikaendelea kupiga, na nimeendelea hadi leo. Gitaa ni lile lile, na ile rangi nyeupe mgongoni imeanza kubanduka. Kila ninapolichukua naweka sahihi, kila ninapolirudisha naweka sahihi. Mali ya umma haijawahi kupata mtunzaji kama mimi, na hilo nalo nililitoa kwako.

Miaka yote saba nilikutetea, Baba. Watu wakikusema, niliwajibu kwamba mzee wangu hakunionea, ni uaminifu tu uliomzidi, hakujua kama nina kibali. Niliishikilia hoja hiyo hata siku ya mazishi yako, nikiwa nimesimama nyuma ya umati na mchanga wangu mkononi.

Mwezi uliopita nilikuwa namkanda Mama mguu. Akasema ghafla, bila kuulizwa, "Kile kikaratasi alikiona."

Nikauliza kikaratasi gani.

"Cha gitaa. Alikisoma hapo mlangoni. Akakikunja akakirudisha mfukoni, akaenda kuchukua baiskeli."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua lilikuwa nyumbani kwa halali, lina kibali chenye muhuri, na bado ukalibeba. Penseli ile uliirudisha kwa sababu ya uaminifu. Gitaa uliligeuza penseli ili usiniambie ana kwa ana, "Koku, sitaki." Ungesema hivyo tungegombana, ningelia, pengine hata ningekutii. Ulijificha nyuma ya umma, wewe uliyekuwa hujifichi nyuma ya mtu. Hili limeniuma kuliko kutengwa. Nimelia nalo, nimekasirika nalo, na sijamaliza.

Mama aliniona nimeacha kumkanda akaniuliza nitasemaje Jumapili. Nikamwambia ukweli. Nilidhani atalia. Alivuta kanga yake juu ya goti, akasema, "Sufuria langu ulitubie. Hayo mengine ni yako na Mungu. Mimi nataka mtu wa kunishika mkono."

Basi sikiliza nitakavyosema. Nitatubu sufuria la Mama. Nitatubu kwamba mwaka mzima nilikudanganya nabaki kazini kuhesabu mizigo ya nyuzi wakati niko kwa Masalu. Nitatubu kwamba ulipoanza kuugua niliacha miezi mitatu ipite ndipo nikaja, nikisubiri uniite, na wewe ulikuwa unasubiri nije. Hiyo ndiyo dhambi yangu hasa, Baba, na inaniamsha alfajiri. Haya nitayasema kwa sauti, majina yake yote, nikiwa nimepiga magoti. Mchungaji akiniuliza kuhusu gitaa, nitanyanyuka kwanza. Nitamjibu nikiwa nimesimama kwamba nilifundishwa na mzee wa kanisa hili, uani kwake, bure, na kwamba siachi. Wakinirudisha, wanirudishe pamoja nalo. Wakikataa, nitatembea na Mama mpaka mbele vilevile, nimshike mkono apokee, na mimi nisimame kando yake bila kupokea, kila Jumapili, mpaka wao ndio wachoke.

Na kwaya ikianza kuimba sitakwenda kukaa nyuma. Tangu uondoke sauti ya nne imebaki na wazee wawili, mmoja anakohoa. Kila wimbo unayumba, usharika mzima unaona kuna kitu kimepungua na hawajui ni nini. Mimi najua. Sehemu yako naijua yote, nyimbo zote, nilizijua kabla sijajua kusoma. Nitakaa kwenye kiti chako na niimbe kwa chini kadiri koo langu litakavyofika.

Wabebe maua yao. Meza nimeishika.

Mimi binti yako wa kuzaa,
Koku