Gari Lako Hugonga Asubuhi

Baba,

Leo ni Ijumaa. Watu wametoka msikitini na Garsen yote imejificha jua. Nimerudisha mlango wa duka nusu, naandika nyuma ya karatasi za bei ya dawa za kupe kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu, na kwa sababu nimechoka kubishana na wewe kimoyomoyo huku wateja wakinitazama. Mungu akulaze pema. Mimi huku silali pema.

Hukupenda maneno ya kuzunguka, basi nasema moja kwa moja. Ninauza gari lako. Mnunuzi alikuja Jumatano, akalipenda, na kesho asubuhi anakuja kulichukua. Nimemdanganya, Baba. Sikumwambia uongo hata mmoja, lakini nimemdanganya.

Najua utauliza kwanza kwa nini nauza. Ni macho ya Mama. Alimaliza eda mwezi uliopita. Siku zote zile alikataa kwenda hospitali, ati mjane hatoki, na huku mtoto wa jicho anazidi kukomaa. Jicho la kushoto limeziba. La kulia linafuata. Tulipofika Malindi daktari alisema apasuliwe, na asikawie. Nyumbani Mama anamimina chai nje ya kikombe, kisha anapangusa upesi kwa upindo wa leso ili nisione. Naona. Ng'ombe, unajua mwenyewe, ukame uliwamaliza wewe ukiwa hai. Duka linatulisha lakini haliwezi upasuaji. Kilichobaki chenye bei ni gari lako, Dimtu.

Mengine hayajabadilika sana. Kiti chako bado kiko mlangoni, na hakuna anayekikalia, hata wageni wasiojua. Wazee wa malisho bado wanakuja kueleza ugonjwa wa ndama kwa nusu saa, kisha wananunua wembe mmoja. Simu yako ililia wiki mbili baada ya mazishi, mtu wa Wenje akitaka kujua bei ya mtamba. Nilimwambia umefariki. Akanipa pole, kisha akauliza, basi wewe unaonaje bei ya mtamba. Ungecheka. Mimi nilikaa chini.

Hata jina la gari hilo linanichosha. Mtu mzima, mfanyabiashara wa ng'ombe anayejulikana kutoka Garsen mpaka Madogo, anakwenda Mombasa na kurudi na kigari cha dizeli kilichokwisha kutumiwa na watu wawili, chekundu, kisha anakiita Dimtu, kama ng'ombe jike mwekundu. Ulitusimulia mwenyewe ulivyolichagua. Ulilizunguka mara tatu. Uliinama kunusa moshi wake kama unavyonusa kinyesi cha ndama anayeharisha. Ulipouliza limezaa mara ngapi, muuzaji alidhani jua limekuchanganya, kumbe ulitaka kujua injini imefunguliwa mara ngapi.

Na kwa mafuta, nakiri, hukukosea. "Huyu hanywi, analamba," ulikuwa ukisema, na ni kweli. Tangi moja lilitupeleka Malindi na kuturudisha, likatufikisha Hola wiki iliyofuata, na bado mshale haukuwa umelala. Wenye magari ya petroli walikuwa hawaishi kituoni, nawe ukipita unawapungia mkono kwa madaha. Hukuwaambia yale mengine. Hukuwaambia kwamba dizeli ya madumu uliyonunua Tarasaa, siku kituo cha hapa kilipokauka, ilikuwa na maji na uchafu, ikaziba chujio na kuharibu nozeli mbili za kupulizia mafuta. Nozeli zenyewe hazipatikani Garsen. Zinatoka Mombasa kwa basi, na zikija si zenyewe, zinarudi Mombasa kwa basi. Kisha zikaja plagi za kupasha injini. Kisha mkanda. Kisha springi, maana njia ya kwenda kwenye malisho si njia. Bandu bandu huisha gogo. Tangu uondoke ni mimi ninayelitunza, na naapa hakuna ng'ombe aliyewahi kula kwetu namna hii bila kutoa maziwa.

Lakini hayo mnunuzi yeyote angeyavumilia. Kasoro kubwa ya Dimtu ni ile ya mafuriko.

Nilikuwa nimekaa kando yako siku ile barabara ya kwenda Gamba ilipofunikwa na maji. Nilikuambia turudi. Ukanicheka. Ujana wako wote ulipanda malori ya ng'ombe, ukayaona yakipita kwenye maji mengi bila hata kukohoa, na ukajijengea imani yako. "Dizeli haina cheche," ulisema. "Maji yatazima nini?" Ni kweli haina cheche, Baba, lakini lori huvuta hewa kutoka juu, na Dimtu huvuta chini, karibu na taa. Tulifika katikati, likavuta maji badala ya hewa, likapiga kishindo kimoja na kunyamaza. Ulikaa umeshika usukani, maji yanaingia viatuni, ukasema taratibu, "Huyu ng'ombe hajui kuogelea." Nilicheka huku nalia. Trekta la watu wa mpunga ndilo lililotuvuta.

Fundi Kazungu alipofungua injini alikuta konrodi mbili zimepinda, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Moja aliibadilisha. Ya pili aliinyoosha, kwa sababu mpya haikupatikana na wewe hukuwa na subira ya kuisubiri. Nakumbuka maneno yake. "Mzee, itatembea, lakini hii injini haitasahau. Asubuhi itagonga mpaka ipate moto. Na siku moja itakatika, sijui lini." Tangu hapo kila asubuhi Dimtu hugonga kama mtu anayebisha kwenye mlango wa bati. Likishapata moto, kimya. Ukilisikia saa nne utaapa ni zima kabisa.

Mnunuzi alisema atafika Jumatano saa nne. Saa tatu nililiwasha, nikaliendesha mpaka Minjila na kurudi, nikaenda tena na kurudi tena, mpaka likanyamaza. Nikaliosha. Nikaliegesha kivulini, nikaketi dukani nikipanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa.

Unajua nilichokuwa nikifanya, kwa sababu ni wewe uliyenionyesha. Mnadani ulinionyesha wale wanaowalambisha ng'ombe chumvi jioni na kuwanywesha asubuhi, ili tumbo lijae na mnunuzi adhani ni nyama. Ulinionyesha wale wasiokamua siku mbili ili kiwele kivimbe. Wewe ulikuwa ukitaja ubaya wa ng'ombe wako kabla hujataja bei. Huyu hupiga teke. Huyu chuchu moja imekufa. Huyu alitupa mimba mwaka jana. Nami nimeshika kamba, msichana wa miaka tisa, naona wanunuzi wanaondoka mmoja mmoja, na nilikuonea haya. Sikukuambia hilo ulipokuwa hai. Wenzako walijenga nyumba za mawe, wewe ukajenga jina. Jina halipasui jicho, Baba.

Mnunuzi ni kijana wa Madogo, anaitwa Abdi. Anafanya biashara ya ng'ombe kama wewe, na anataka gari dogo lisilo na njaa la kumzungusha minadani. Alifungua boneti akasikiliza. Nilikuwa nimeshaandaa majibu ya maswali yake yote. Hakuuliza hata moja. Aliingia dukani kunawa mikono, akaiona picha yako ukutani. "Kumbe wewe ni msichana ya Mzee Godana?" akasema. "Basi mimi sina haja ya fundi. Huyo mzee aliniuzia ng'ombe yangu ya kwanza, na ubaya yake yote aliniambia. Kama hii gari iko na kitu, wewe ungesema." Kisha akanyamaza kidogo, kwa adabu tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nafasi ile ilikuwa yangu. Niliiona ikija, nikaiona ikipita. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Akanywa chai. Akaisifu.

Tangu Jumatano najitetea kimoyomoyo. Nimejiambia Abdi ni mwanamume mzima, ana masikio yake. Nimejiambia kila gari kuukuu lina lake. Nimejiambia macho ya Mama, macho ya Mama, kama dua. Yote ni kweli na hakuna hata moja linaloninyanyua. Ninachokiona ni yule kijana kwenye barabara ya Madogo, jua la saa saba, hakuna kijiji mbele wala nyuma, konrodi imekatika na mafuta ya injini yanamwagika mchangani. Na wa kwanza atakayemlaani si mimi. Ni wewe, na huna pa kujitetea.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Nimempigia simu. Sikumzungusha. Nilimwambia gari lilizama, konrodi moja imenyooshwa kwa nyundo, hugonga asubuhi mpaka lipate moto, na kwamba Jumatano nililipasha kwa makusudi kabla hajafika. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Akasema, "Juzi kwa nini hukusema?" Nikamwambia ninauza kwa ajili ya macho ya mama yangu. Akasema, "Mungu amponye." Halafu akasema, "Kesho sikuji," akakata. Hakunitukana, wala hakunisifu. Ningeona afadhali angefanya mojawapo.

Kwa hiyo ujue hali ilivyo. Mwezi huu hakuna upasuaji. Jina lako ni safi mpaka Madogo, na mke wako anapapasa ukuta kwenda msalani. Nimekukasirikia, Baba. Nimekukasirikia kwa kuingia kwenye maji yale, na kwa kunifundisha mapema mno jambo ambalo sasa siwezi kulisahau hata ikinibidi nilisahau. Na nimekukosa. Ungekuwapo ungeniuliza tu, "Umemaliza kulalamika?" kisha ungeniambia niende nikaangalie maji kwenye rejeta.

Mama alikuwa ameketi nyuma ya pazia la duka, akikunja mifuko. Alisikia yote. Nilidhani atalia, au atanilaumu, na yote mawili nilikuwa tayari nayo. Badala yake aliniambia kwa Kiorma, polepole, kwamba ulipokwenda kumposa ulimtajia baba yake mabaya yako matatu kabla mahari haijatajwa. Kwamba hasira zako ni za ghafla. Kwamba unakoroma. Kwamba huwezi kumkataa mgeni hata chakula kikiwa cha mtu mmoja. Wazee wako walitaka kukuvuta kanzu ukae chini. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilimuuliza kama mabaya yenyewe yalikuwa ya kweli. "Yote matatu," akasema. "Nimekaa nayo miaka arobaini. Hakuna siku niliyoshtuka." Kisha akanyoosha mkono kutafuta kikombe, mkono ukaenda kando, nikamsogezea.

Sasa jua linageuka na nasikia watu barazani. Nifungue duka.

Buriani, Baba. Nakuahidi moja tu, usinitake zaidi. Gari nitaliuza mapema asubuhi, likiwa baridi, mnunuzi alisikie kwa masikio yake kabla hajauliza mimi ni binti ya nani. Litaleta bei ndogo. Nitauza na lile friji la dukani la chanjo juu yake ikibidi. Lakini macho ya Mama yakiziba yote mawili kabla sijafika Malindi, nitakuja. Najua sisi wanawake hatuingii makaburini. Nitasimama nje ya ua wa miba, na nitasema na wewe kwa sauti, wapita njia wasikie. Siku hiyo sitakuja na dua peke yake.

Lala, Baba.

Binti yako,
Habiba