Kumwita Lazaro

Jumapili, 22 Februari

Mazoezi ya mchezo wa Lazaro tena baada ya misa. Mashine ya joto ya ukumbi imegoma, nimeongoza na koti mwilini. Marta kaja na sufuria ya sombe, kisamvu chao, Lazaro kachelewa, waombolezaji hawajashika hata mstari mmoja. Nimefoka. Kisha nimekula sombe yao na kuomba radhi, maana tumbo halina kinyongo.

Mchezo wenyewe niliuandika kwa Kikonkani, lugha ya kwetu Goa, nikiwa padri kijana Dar es Salaam, kwa ajili ya Wagoa wenzangu. Tuliuigiza kila Kwaresima mpaka Wagoa wakatawanyika. Hapa Brussels tumebaki wachache, na mmoja wetu kiziwi. Basi nimeuweka kwa Kiswahili na wanaigiza watu wa Kivu, ambao wanacheka Kiswahili changu cha pwani mbele ya uso wangu. Umebaki wimbo mmoja wa Kikonkani, wa matanga. Wanauimba bila kuelewa neno, vizuri kuliko tulivyouimba sisi. Inaniudhi kidogo.

Yesu haonekani jukwaani. Ni sauti nyuma ya pazia, na sauti ni yangu. Leo nimeita, "Lazaro, njoo nje." Kimya. Nimeita tena. Wakacheka, wakadhani Papa Deogratias kapitiwa na usingizi. Anasafisha maofisi kule Schuman, anaanza kabla ya alfajiri. Maman Vumilia, Marta wetu, akavuta shuka lililomfunika. Macho yalikuwa wazi. Papa Deo alisema alisikia vizuri, ila alidhani anaitwa mtu mwingine.

Jumatano, 25 Februari

Nimekumbuka jambo nikinyoa ndevu. Kijijini kwa mama yangu, Goa, aliyeigiza maiti hakuvuliwa sanda mpaka ndugu wa damu amwite kwa jina lake la ubatizo na kumwambia "utt", yaani inuka. Asipoitwa, walisema, anarudi nyumbani pungufu. Dar tulifanya hivyo kwa mzaha. Jumapili nilisahau. Tutafanya wiki hii, kwa heshima ya mama tu. Siamini mambo hayo.

Jumapili, 1 Machi

Binti wa Papa Deo, Grace, alikuwa zamu hospitalini. Ndugu mwingine hana. Nikamwita mimi: "Deogratias, utt." Aliinuka upesi mno, kama aliyekuwa anangoja mlangoni. Akanishukuru, akaniita Padri. Siku zote ananiita Mon Père.

Taa za korido ya ukumbi zinawaka zenyewe mtu akipita. Alipita korido nzima gizani. Nilipofuata mimi, zikawaka.

Alhamisi, 5 Machi

Fundi amekuja. Taa nzima. Amenitazama kama mzee anayehitaji kutembelewa mara kwa mara.

Ijumaa, 6 Machi

Njia ya Msalaba. Papa Deo aliwahi, akanivuta pembeni karibu na kituo cha kwanza.

"Mon Père, milango ya ku kazi hainioni tena. Ninasimama pale mbele, rien, haifunguki. Ninangoja muntu mwingine apite, alors napita nyuma yake."

Nikacheka. Nikamwambia ale ugali zaidi, anenepe, milango itamwona. Hakucheka. Alinipa mkono wakati wa kuondoka na nikajuta kucheka. Mkono ule ulikuwa wa baridi, na si baridi ya nje.

Jumapili, 8 Machi

Leo nilitoka nyuma ya pazia nikamtazama akiwa ndani ya sanduku letu la kaburi. Shuka halipandi wala halishuki. Nilitazama muda mrefu. Maman Vumilia naye alitazama, akapotewa na maneno, yeye ambaye mgahawa wake wa Ixelles unajaa kwa sababu ya mdomo wake kabla ya chakula chake.

Grace yuko zamu tena. Nikamwita mwenyewe kama wiki iliyopita. Deogratias, utt. Akaruka kwa miguu yote miwili. Akafunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto huku akipiga mluzi.

Maman Vumilia alinifuata sakristia, mlango akaufunga kwa kiuno.

"Mon Père, usimuite vile tena."

Kwa nini?

"Ule mluzi si wake. Ni ya kaka yake. Mimi na wao tulitoka kilima kimoja. Bon. Uulize yeye, miye sisemi."

Nimeudhika. Naogopa pia. Yote mawili.

Jumanne, 10 Machi

Nimeuliza. Papa Deo alikuja sakristia baada ya kazi, nikampa chai. Nilitaka aungame ili asiwe na wasiwasi. Akakataa.

"Nikiungama itakuwa zambi. Haikuwa zambi. Ni maman alisema."

Jina lake ni Anselme. Deogratias ni kaka yake, aliyepata nafasi ya kuja Ulaya kutoka kambi ya wakimbizi, karatasi zote tayari. Homa ikamchukua siku chache kabla ya safari. Mama yao akasema nafasi hiyo isipotee bure. Akamvika mdogo koti la mkubwa. Akamzika mkubwa kwa jina la mdogo. Anselme alipanda ndege akiwa Deogratias, na mpaka leo kwenye makaburi ya kambi kuna msalaba wenye jina la Anselme. Mama yake alimwombea Anselme misa za marehemu mpaka alipofariki mwenyewe, maana majirani wa kambini walikuwa wanatazama.

Yaani nimemlaza kaburini mtu aliyekwisha kuzikwa. Kisha nimesimama nyuma ya pazia, kwa sauti ya Bwana, nikamwita marehemu. Na marehemu anaitika.

Nimesoma teolojia miaka mingi. Hakuna ukurasa unaonisaidia.

Nilisema mchezo ufutwe. Akanishika mkono wa joho. Akiacha sasa, anasema, atabaki nusu. Nadhani anasema kweli. Kwa desturi ya mama yangu, ndugu wa damu ndiye aite, kwa jina la ubatizo. Damu yake upande huu wa dunia ni Grace peke yake, na Grace hajui lolote. Karatasi na kazi anaviogopea, ndiyo, lakini si sana. Anamwogopa binti yake.

"Mutoto ataniuliza: sasa wewe ni nani? Nitajibu nini?"

Alhamisi, 12 Machi

Nimesali vibaya. Ulikuwa woga tu, umevaa maneno ya sala.

Jumapili, 15 Machi

Nilimkataza kulala kaburini. Tumelaza gunia la nguo za msaada na kulililia. Gunia liliigiza vizuri.

Yeye alikaa viti vya nyuma na Grace. Mara ya kwanza namwona binti huyu na hasira. Alinisubiri waigizaji walipokuwa wanafungasha.

"Mon Père, papa hajui tena fasi ya sukari. Anakulia mukono ya kushoto. Jana ameniangalia bien bien, akasema: wewe ni mutoto wa mudogo yangu, petit frère. Nikasema ni AVC, ile kiharusi. Nimemupeleka hospitali, scanner, tout. Hakuna kitu. Munamufanya nini huku?"

Nikamgeukia baba yake. Nikamwambia mbele yake: una neno la kumwambia mwanao, mwambie. Alitazama viatu vyake. Grace akatungoja wote wawili, kisha akampeleka nyumbani kwa kumshika kiwiko, kama mgonjwa. Nimemkasirikia mwanamume yule vibaya sana. Angefungua mdomo tu.

Jumanne, 17 Machi

Maman Vumilia kanipigia simu. Watu wa kilima chao hapa Brussels wanajua wote, tangu mwanzo. Hakuna aliyewahi kusema, hata harusini, hata walipogombana. "Kwetu haiko siri," anasema, "iko tu kitu chenye batu hawasemake." Nikamuuliza kwa nini basi asimwambie Grace yeye. Akakata simu.

Jumamosi, 21 Machi

Papa Deo alikuja peke yake kujaribu sanda mpya. Hajamwambia Grace. Atasema baada ya Pasaka, anasema. Alisema hivyo akiwa amesimama kwenye mwanga wa dirisha, na nilimwona akihema pale tu alipokuwa anaongea.

Nilipaswa kufuta mchezo, au angalau kuendelea na gunia. Tangazo limekwisha tolewa, ukumbi umekodiwa viti, na mimi ni mwandishi mwenye majivuno. Naandika ukweli huo ulivyo.

Jumapili, 22 Machi

Injili ya leo ni ya Lazaro mwenyewe. Niliisoma altareni, ulimi ukiwa mzito.

Alasiri, ukumbi ukajaa. Madirisha tuliyaziba kwa vitambaa vyeusi. Wazungu wachache wazee wa parokia, wamisionari wastaafu wawili, wengine wote watu wa Kivu. Grace mstari wa mbele, bado na sare ya kazi. Baba yake alilala sandukuni bila kumtazama mtu.

Wimbo wa matanga ukaimbwa. Nikaita. Lazaro, njoo nje.

Hakuinuka.

Nikaita tena. Mtu mmoja akapiga makofi, akidhani ndiyo ustadi wa mchezo. Maman Vumilia akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha shuka. Akabaki hivyo. Hakuna aliyetikisika ukumbini, na kwa sababu hakuna aliyetikisika, taa za ukumbi, ambazo nazo zinangoja mtu atikisike, zikazimika zenyewe.

Gizani nikasikia, "Papa!" Grace. "Papa, amuka!" Hakuna. Taa hazikuwaka, ingawa nilisikia viatu vyake vikipanda jukwaani. Nikaacha pazia langu nikaenda kwa kupapasa. Grace akavuta pumzi, akaanza, "Deo..."

"Hapana!" Maman Vumilia alimziba mdomo, nilisikia kofi la kiganja. "Si ile. Ile ni ya kaka yake mwenye alikufaka. Papa yako iko Anselme. Sema Anselme."

Mbele ya watu wote. Mwanamke ambaye alikata simu.

Jina la baba analolitumia Grace, lililo kwenye kitambulisho chake na kwenye beji ya kifuani, ni Deogratias. Akiita hilo jingine analitupa lake. Nilifikiri atashuka aondoke, na nisingemlaumu. Nilikuwa na hofu ya mtoto mdogo, nimeshika ukingo wa sanduku, na chini ya vidole vyangu ubao ulikuwa na baridi ya maji ya mtoni. Na pale karibu kabisa na mimi, mtu akaanza kupiga mluzi. Taratibu. Si Maman, si Grace.

"Anselme," akasema Grace. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma neno la kigeni. Mluzi ukaacha katikati. "Papa Anselme. Amuka. Twende nyumbani."

Baba yake alivuta pumzi kama aliyetolewa majini. Taa zote zikawaka kwa pamoja, watu wakafumba macho. Safari hii aliinuka polepole, kwa shida, akishika ukingo kwa mkono wa kulia, mwanamume wa makamo mwenye mgongo unaouma. Akatutazama mmoja mmoja. Akaniita Mon Père.

Grace alishuka jukwaani akatoka bila kumgusa.

Watu wa Kivu walisimama wakapiga makofi, wote, kama kwamba mstari ule ulikuwa umeandikwa. Wamisionari wakaja kunipongeza kwa ujasiri wa tamati. Nimeshukuru.

Jumatatu, 23 Machi

Nimechoka. Ujumbe wa Anselme kwenye simu: milango ya kazini imefunguka. Grace hapokei simu yake wala yangu.

Jumatano, 25 Machi

Sikukuu ya Kupashwa Habari. Maman Vumilia kaleta maandazi. Anasema hakuna atakayepeleka neno komini, ofisi ya manispaa. Nilimuuliza ana hakika gani. Akanijibu kwamba wamekaa nalo miaka yote hii, halijawaozea. Grace, anasema, alikula mgahawani kwake jana. Aliuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Kaka mkubwa alikuwaje. Alipenda kula nini. Nani alimfumba macho.

Alhamisi, 26 Machi

Misa ya mchana, watu watatu kanisani. Anselme ndiye aliyeomba nia ya misa. Grace alikuja akiwa amechelewa, akakaa mstari ule ule, akiacha viti viwili katikati yao.

Kwenye sala za waamini nikasema: tumwombee marehemu Deogratias. Tangu afe, jina hilo halijawahi kusomwa mahali popote katika wafu.

Anselme akalia. Si machozi ya heshima ya kanisani. Alilia kwa sauti, ameinama mpaka magotini, kama mtu aliyepigiwa simu sasa hivi na kuambiwa kaka yake amefariki. Hakuwahi kumlilia. Angemliliaje, na marehemu alikuwa yeye?

Grace alitazama mbele. Kisha akasogea kiti kimoja.

Nilisubiri Anselme amalize kulia, nikaendelea na misa.