Muuguzi Aliyeuliza Mara ya Pili

Claudine mdogo wangu,

Huku Kasulu mvua imekolea na maharage yameota. Mama amelazwa, lakini usihangaike kutoka Mabamba, anaendelea vizuri.

Presha ilikataa kushuka. Daktari, mgeni mkoani, alimuuliza kama anameza vidonge kila siku. "Ndiyo, dokta." Basi akaandika dozi maradufu. Mwanafunzi wa uuguzi, Ndayikunda, akasema, "Samahani dokta, naomba nimuulize tena." Nami, ninayepinga utii wa kijinga magazetini kila wiki, nikamfokea: "Binti, fanya ulichoagizwa!"

Alichuchumaa, akamsalimu Mama kwa Kiha. "Bibi, nionyeshe unavyovimeza." Mama akafungua fundo la kitenge: vidonge karibu vyote vimo.

"Navimeza kichwa kikiuma. Ningembishia dokta mbele za watu?"

Angepewa dozi ile wodini, presha ingeshuka mno na kumwangusha, Claudine. Daktari aliifuta, akamshukuru binti.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Walimu, mzee. Na bibi yangu, naye humwitikia daktari kila kitu."

Huyo hangoji cheti; ni muuguzi tayari. Nilimfokea mbele ya wodi nzima, na kesho nitamwomba radhi mbele ya wodi hiyohiyo.

Kaka yako asiyezoea kushindwa,
Bazilio