Wifi, Ni Mimi Niliyezima Tanuri

Nyumbani,
Chumba cha unga, nyuma ya duka la mikate,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za wale uliowanunia. Hujambo? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukiinama? Shemeji hajambo? Na mtoto je, ameshaacha kula chaki? Sisi huku ni wazima. Kaka yako ana mafua, na ukimsikia anavyougulia utadhani ni binadamu wa kwanza kuyapata. Ukimpigia, mpe pole. Anazipenda pole kuliko dawa.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshatafuta pa kukaa. Umeuliza ni mke wa namna gani anayesubiri mama mkwe atoke nje ndipo amzimie moto wake. Swali lako ni la haki, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara hakukudanganya. Ila amekuuzia kipande bila kukuonyesha jora. Ndiyo maana naandika badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Nakufahamu, wifi.

Kwanza nikiri. Ni mimi niliyezima tanuri. Mama hakujua, na kaka yako hakunituma.

Sasa nikwambie jambo ambalo tulikuficha. Mwezi wa tatu kaka yako alimkalisha Mama akamweleza kwamba mwaka huu ukiisha tufunge duka, nyumba tumkodishe bwana mmoja anayeuza mabomba na rangi. Mama aliitikia kwa kichwa, hakubisha. Kisha akainuka akaenda kuongeza kuni. Nilimtazama mgongo wake akiinama pale na moyo wangu ukavunjika. Mwanamke ameoka mkate miaka thelathini, anaambiwa basi, naye anaitikia kama aliyeambiwa mvua imeanza.

Kilichokuwa kinatumaliza si unga wala wateja. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kimekaa katikati ya karakana na bomba lake la moshi. Tunaoka mikupuo miwili, mmoja alfajiri na mmoja adhuhuri, lakini moto ulikuwa hauzimwi saa zote ishirini na nne. Mikokoteni miwili ya kuni kila wiki, na nusu yake ilikuwa inaungua bila mkate hata mmoja ndani.

Sababu unaijua. Ni miaka sita sasa tangu Baba asimame pale mlangoni, aproni bado kiunoni, akienda hospitali kupimwa kifua. Alituambia, "Tanuri lisipoe." Hakurudi. Tangu siku ile Mama hajaliacha lipoe. Hata wakati wa msiba alikuwa anaacha waombolezaji wamekaa, anaenda kutia kuni, anarudi kulia. Sisi sote tukalichukua neno lile kuwa wasia, na wasia haujadiliwi.

Mimi ndiye niliyejifanya naujua ulimwengu. Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya wafanyabiashara wadogo, jinsi ya kutopoteza maji, umeme na kuni. Nikarudi na daftari na mdomo mpana. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Tulibadilisha koki iliyokuwa ikivuja penye mabeseni. Tukaweka bati la kupitisha mwanga juu ya meza za kukandia, taa zikapumzika mchana. Kuni tukaacha kuzichoma mbichi. Tunazipanga kibandani mwezi mzima zikauke kwanza, kwa maana kuni mbichi unanunua maji halafu unalipia kuyachemsha. Mama mwenyewe alinisifu mbele ya watu. Basi nikavimba kichwa.

Jumatano moja Mama alikwenda kupimwa macho. Nilimwambia Mzee Hamira asiongeze kuni mpaka nimwambie. Unamkumbuka mkandaji wetu, aliyeanza kukanda hapa kabla kaka yako hajaota meno. Alinitazama, mikono imejaa donge mpaka kwenye viwiko.

"Mkwe wangu," akasema, "hapo unapogusa si kuni."

"Ni majaribio tu, Mzee," nikamjibu. Tena nilikuwa na saa mkononi, napima tanuri linapoa kwa muda gani. Ninavyoandika hivi naona aibu hadi masikioni.

Mama alirudi alasiri. Alivua viatu, akaweka kiganja juu ya matofali, akakiacha hapo kitambo. Kisha akavuta kigoda, akaketi ameelekea mdomo wa tanuri mpaka jioni. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Siku tatu kila nilichosema alinijibu "sawa", nawe unaijua "sawa" ya Mama, inafunga mlango kuliko kufuli. Hicho ndicho fundi cherehani alichokiona kutoka dirishani kwake, na hapo ndipo alipoishia.

Siku ya nne nilimfuata humu chumba cha unga, anachekecha. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha kwa kuuvunja wasia wa Baba. Aliacha kuchekecha.

"Wasia gani, mwanangu? Mimi nilikuwepo. Alisema lisipoe mpaka alasiri, akirudi aoke mwenyewe mkupuo wa mwisho. Nyinyi ndio mlioufanya wasia."

Nikamuuliza, kama alijua hivyo, kwa nini basi miaka yote hii?

"Wenzangu mmeipita alasiri ile," akasema. "Mimi bado sijafika."

Wifi, nililia. Nililia nikiwa nimekaa juu ya gunia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama akanifuta uso kwa mikono yake yenye unga, ikawa afadhali angeniacha, maana machozi na unga ni donge. Akaniangalia, akaanza kucheka. Nami nikacheka. Hamira akachungulia, akatikisa kichwa, akarudi zake kazini.

Tulikaa pale muda mrefu. Aliniambia mambo mengi ya Baba ambayo hata nyinyi wanawe pengine hamjayasikia. Mengine nitakuhadithia tukionana. Mwisho akataka daftari langu. Akalipekua, akanirudishia. "Daftari lako linajua kuni," akasema, "lakini halijui tanuri."

Alichonionyesha hakikuwemo kwenye mafunzo yoyote. Zamani, walipoanza na kuni ni za kuokoteza, Baba alikuwa akimaliza mkupuo wa mwisho anakwangua makaa yote nje, anafunga mlango wa chuma, halafu anaziba nyufa zote kwa udongo uliokandwa na majivu. Moto unazimwa, joto linabaki ndani. Baadaye maisha yalipopata nafuu wakaacha, na mlango ukapinda polepole hadi mkono ukawa unapita pembeni. Yaani tulikuwa tunapasha joto barabara nzima. Tulimwita fundi wa kuchomelea akaunyoosha. Jioni hiyo Mama akakanda udongo kwa mikono yake, akaziba mwenyewe. Hakutaka msaada.

Alfajiri alikuja kufungua. Aliuingiza mkono ndani mpaka kwenye bega. "Bado lina joto," akasema, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo. Hakuutoa mkono haraka. Mimi na Hamira tukajifanya tuna shughuli nyingi sana na unga.

Sasa mkokoteni mmoja wa kuni unazidi wiki na kubaki. Mikupuo tumeisogeza ifuatane, wa pili unaingia wa kwanza ukitoka, na joto linalosalia tunakaushia mikate ya jana. Ile iliyokuwa ikienda kwa kuku tunaikata slesi, inakauka, shule ya jirani inaichukua yote kwa chai ya walimu. Majivu anayachukua mkulima wa mboga, anatuletea nyanya. Macho ya Hamira yameacha kuwa mekundu, na mama wa nyumba ya nyuma ameacha kututukana kwa sababu ya nguo zake kunuka moshi. Bwana wa mabomba na rangi alikuja tena juzi na futi yake ya kupimia. Kaka yako akampa mkate wa moto na kumsindikiza mpaka barabarani. Hatufungi, wifi. Duka la wazazi wako lipo na litakuwepo.

Sikwambii kwamba Mama amesahau. Zipo alasiri anavuta kile kigoda akaketi. Tofauti ni kwamba sasa nami navuta changu. Wakati mwingine tunazungumza, wakati mwingine tunachambua mchele tu.

Kwa hiyo nakuomba radhi. Sijutii kuni tulizookoa. Najutia kumvizia mama yetu alipokuwa ametoka, kana kwamba ni mtu wa kufanyiwa mambo nyuma ya mgongo, wakati yeye ndiye aliyekuwa na jibu. Nisamehe kama alivyonisamehe. Kisha ukimaliza kunisamehe, unirudishie yale maneno ya dakika ya pili ya ujumbe wako, maana yale hata mimi sikuyastahili.

Kaka yako anakusalimu kati ya chafya mbili. Mzee Hamira anakusalimu, anasema unga wa huko usiuamini. Fundi cherehani naye anakusalimu. Nimemwambia siku nyingine akuonyeshe jora zima. Msalimie sana shemeji.

Mama peke yake amekataa nimwandikie salamu. Anasema atazileta mwenyewe. Ndiyo, wifi, umesoma vizuri. Kila ulipomwomba aje alikwambia miguu, akakwambia jua kali, akakwambia mwakani, nawe ukaamini hajakusamehe kwa kuolewa mbali. Jana nilimuuliza. Alishangaa sana. "Nimkasirikie mwanangu?" akasema. "Nilikuwa sina wa kumwachia moto." Tikiti tumeshakata, ni tarehe tatu Oktoba, naye atakaa kwako mwezi mzima. Ameniagiza nikuulize mtoto wako analala upande gani wa kitanda, kwa sababu upande mwingine ni wake.

Mungu akulindie nyumba yako, na ampe Mama safari njema hadi mlangoni kwako.

Ni mimi wifi yako, mkosaji wako, nikupendaye,

Mke wa kaka yako