Simu ya Bibi Niliyoikata

Ko! Ko! Ko! Nikiwa chumbani juu, nikadhani jirani anapigilia misumari. Kumbe ni bibi, ndugu yangu!

Nimemkuta kaanguka, anagonga sakafu kwa mkonga wa simu ya mezani. Ile ile niliyoikata laini juzi kwa sababu gharama zimepanda! Na nilivyojitapa kwa beti za shairi kwenye kundi la familia, eti kupiga kwa intaneti ni bei chee!

Hiyo simu mpya ya intaneti niliyompa iko juu ya kabati, inachaji.

"Nimekupigia wee, mbona hupokei?" bibi akaniuliza. Mbona sipokei! Ananiuliza mimi!

Asingegonga je?

Hospitalini, wauguzi wamemwingiza kwa daktari bado kaushikilia ule mkonga. Nikampazia sauti mlangoni: "Bibi, leo hii naurudisha waya wa simu yako. Ukipiga, nitapokea."