Siku ya majabali

Mjukuu wangu Zuhura,

Natumaini baridi ya Ubelgiji haijakushinda. Bibi yako anakusalimu, ila goti bado linamsumbua. Mafuriko yameingia tena mtaani Buterere, na shangazi yako amehamia kwetu na magodoro yake.

Unaniuliza kama na mimi niliwahi kutembea na marafiki kwenye gari la kulala, kama mnavyopanga ninyi. Mara moja tu. Tulikuwa mafundi watatu wa gereji moja: mimi, Rajabu na Selemani. Tuling'oa viti vya kombi, tukatandika magodoro, tukafuata barabara ya ziwa mpaka kwenye majabali karibu na Nyanza-Lac.

Kesho yake injini ikatoa mlio. Mimi na Rajabu tulishinda chini ya gari tukibishana. Selemani alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatazama maji. Akaniita, "Yusufu, njoo kidogo, nina neno."

Nikamjibu, "Ngoja kwanza, mi nasikiliza mashine."

Jioni tukaupata ule mlio. Ilikuwa nati moja iliyolegea. Selemani hakuniita tena. Wiki ile ile alipanda boti ya mizigo kwenda Kigoma, asiage mtu. Nimemuulizia kwa mabaharia mpaka nimechoka.

Rajabu tumemzika juzi. Sasa nimebaki peke yangu. Gari likipita hapa nje, najua linaumwa wapi. Neno la Selemani silijui, na sitalijua.

Nenda, mjukuu wangu. Mwenzako akikuita, liache gari life.

Babu yako,
Yusufu